Mashujaa wa Kale Wasifungiwe Katika Somo Moja

Mtoto wa skuli wa Unguja au Pemba akiulizwa leo Hercules alikuwa nani, huenda akajibu bila kusita, maana amemwona katika filamu. Akiulizwa Liyongo alikuwa nani, atajibu ikiwa alibahatika kumpata mwalimu wa Kiswahili mwenye kuipenda kazi yake. Akiulizwa Ntatakwa alikuwa nani, atanyamaza. Na si yeye peke yake, hata mwalimu wake atanyamaza, na mkaguzi wa mwalimu, na pengine mkubwa wa mkaguzi. Naye mtoto wa Msanzi, huko Ufipa, akiulizwa habari za Mkama Ndume wa Pujini, atanyamaza vivyo hivyo. Basi tunao watoto wa nchi moja, wanaoimba wimbo mmoja wa taifa, ambao shujaa wa kale wanayemjua kwa pamoja ni mmoja tu, na huyo ni Myunani.

Sisemi haya kwa kumchukia Myunani. Mwalimu Nyerere, ambaye hapana atakayemtuhumu kwa kasumba, aliifasiri tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar ikachapishwa mwaka 1963, na kwa kuwa hakuridhika nayo akairekebisha na kuitoa upya mwaka 1969. Lakini ni Mwalimu huyo huyo ambaye, Desemba 1962, aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, kwa hoja kwamba ukoloni uliwafundisha watoto wa Tanganyika kuzienzi nyimbo na ngoma za wengine na kuzionea haya zao. Mtu anaweza kukaribisha mgeni nyumbani bila ya kuwatoa wenyewe nje.

Jambo ninalotaka kulieleza hapa ni namna Wazungu wenyewe walivyowatumia mashujaa wao. Hawakuwafungia katika somo moja. Kitabu cha ramani ambacho kila mwanafunzi wetu hukifungua kinaitwa atlasi kwa sababu Mercator, mchora ramani, alikipa kitabu chake kilichotoka mwaka 1595 jina la Atlas, mfalme wa ngano aliyesifiwa kwa elimu ya nyota. Sayari wamezipa majina ya miungu ya Warumi. Sisi tunaziita Zuhura, Mirihi, Mushtari na Zuhali, majina tuliyoyapata kutoka kwa Waarabu, na hilo nalo ni somo. Kwa hiyo mtoto wa Ulaya hukutana na mashujaa wake katika jiografia, katika falaki, katika hesabu na katika uchoraji, na hatimaye huwajua bila kukumbuka alifundishwa lini. Mtoto wetu hukutana na wake katika ukurasa mmoja wa kitabu cha historia, huukariri kwa ajili ya mtihani, na mtihani ukipita ukurasa nao hupita.

Mwaka 2024 Tanzania Bara ilianza kutekeleza mtaala mpya wenye somo liitwalo Historia ya Tanzania na Maadili. Ni hatua njema, na walioipigania wanastahili pongezi. Hofu yangu ni kwamba somo likishapata jina lake na saa yake katika ratiba, waalimu wa masomo mengine watajiona wamepumzishwa. Mwalimu wa hesabu atasema mashujaa si kazi yake, na mwalimu wa sayansi atasema ngano ni adui wa sayansi. Natoa hoja kwamba katika madarasa ya kati, yaani yale ambayo Tanganyika ya zamani iliyaita skuli za kati, darasa la tano hadi la nane, mashujaa wa kale wafundishwe katika kila somo. Umri huo ndio umri wa kupenda mashujaa. Mtoto wa miaka kumi na mbili hataki kuambiwa maadili, lakini atakaa kimya saa nzima akisikiliza jinsi Liyongo alivyoletewa tupa ndani ya mkate akakata minyororo ya gereza.

Nitatoa mfano wangu kutoka Ufipa. Wasomaji wa visiwani wataniuliza: kwa nini mbali kote huko? Kwa sababu nimetumwa huko kwa shughuli za Chama, nikaona mali ambayo wenyeji wameizoea na wageni hatuijui. Msanzi ni kata ya wilaya ya Kalambo, mkoani Rukwa, kusini ya Sumbawanga, katika uwanda wa juu wenye baridi na nyasi na upepo usiokoma, baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Wengi wetu jambo pekee tulijualo juu ya upande ule ni jina la Sumbawanga, ambalo hufasiriwa kuwa ni amri ya kuutupa uchawi, na mzaha hufuata hapo hapo. Watu wa Pemba wangepaswa kuwa wa mwisho kuucheka mzaha huo, maana wao pia wamesingiziwa kwa miaka mingi, tena kwa maneno yale yale.

Hadithi kuu ya Wafipa ni hii. Mfalme wa kwanza, Ntatakwa, alishuka kutoka mbinguni dunia ilipoanza, akaketi Milansi, chini ya mlima Itwelele, pahala ambapo leo ni pembeni mwa mji wa Sumbawanga. Siku moja mfalme wa Milansi aliondoka kwenda kuwinda. Kabla ya kuondoka alimwonya mkewe kwamba watakuja wageni, wala wasiruhusiwe kukalia kiti chake. Wakaja wanawake watatu wageni, wa ukoo ulioitwa Watwa, wakitafuta nchi. Mke wa mfalme akawakaribisha kama desturi ya ukarimu ipasavyo, na wageni wakakalia kiti. Mfalme aliporudi alikuta mambo yamekwisha. Hapakuwa na vita. Palikuwa na mapatano: Watwa watatawala nchi, na Milansi itabaki na eneo lake dogo pamoja na heshima ya uzee, hata Mtwa akitaka kutawazwa hapana budi apate baraka ya Milansi. Baadaye dola ya Watwa iligawanyika mara mbili, Nkansi upande wa kaskazini na Lyangalile upande wa kusini. Na jina la Nkansi bado li hai katika wilaya ya Nkasi.

Tazama utajiri wa hadithi fupi kama hiyo. Mwalimu wa uraia anaweza kuuliza: nini tofauti ya mwenye nguvu na mwenye heshima, na kwa nini mtawala mwenye jeshi alihitaji baraka ya mzee asiye na jeshi? Mwalimu wa Kiswahili atauliza: kosa ni la nani, la mke aliyekaribisha wageni, au la mume aliyejua yatakayotokea na bado akaenda kuwinda? Nimewahi kulitupa swali hilo mbele ya wazee, na nakuhakikishieni, ndugu wasomaji, hapana mtihani wa taifa uliowahi kuleta mjadala mkali kama ule. Na wasichana wa darasa watasikia kwamba dola ya Ufipa iliasisiwa na wanawake watatu waliosafiri wenyewe kwa miguu yao. Ni wasichana wangapi wa Rukwa wanaojua hayo?

Hapa pana aibu moja ambayo lazima niitaje. Hadithi hiyo imechunguzwa kwa kina na mtaalamu wa Kiingereza, Roy Willis, aliyekaa Ufipa katika miaka ya 1960. Mwaka 1978 alitoa kitabu cha ngano na masimulizi ya Wafipa, na mwaka 1981 kitabu kikubwa juu ya kuzaliwa kwa dola yao. Ni kazi ya kuheshimika. Lakini ni ya Kiingereza, ghali, na inakaa katika maktaba za vyuo vikuu. Mtoto wa Msanzi akitaka kuisoma hadithi ya nchi yake katika kitabu hana budi kwanza amalize sekondari, kisha aende ng'ambo au Dar es Salaam. Na babu yake aliyekuwa akiisimulia pasipo kitabu amezeeka, au amekwisha kuzikwa.

Sasa tuje pwani. Kilwa nayo ina hadithi ya mgeni na nchi. Tarehe ya Kilwa, ambayo nakala yake ya Kiarabu ilinakiliwa hapa Unguja mwaka 1877, inasimulia juu ya watu waliotoka Shirazi kwa majahazi saba, na mmoja wao akafika Kilwa, akakinunua kisiwa kutoka kwa mtawala wa bara kwa nguo za kutosha kukizunguka kisiwa kizima. Mtawala wa bara alipoondoka na nguo zake, maji ya mlango wa bahari yalizidi kina, asiweze kurudi. Na huko Afrika ya Kaskazini, karibu na Tunis ya leo, Wayunani na Warumi walisimulia juu ya Dido, malkia aliyekimbia mji wa Tyre katika nchi ya Lebanon, akaomba kwa wenyeji ardhi ya kutosha kufunikwa na ngozi moja ya ng'ombe. Walipokubali aliikata ngozi nyuzi nyembamba, akazifunga pamoja, akazungusha kilima kizima, akajenga mji wa Carthage.

Kiti, nguo, ngozi: hadithi tatu, zote za bara letu la Afrika, zote za mgeni aliyepata nchi kwa akili. Mwalimu wa historia atauliza kwa nini wenye nchi husimulia kwamba walidanganywa, na wenye kutawala husimulia kwamba walinunua. Lakini mimi nataka mwalimu wa hesabu ndiye aanze, maana wataalamu wa hesabu wa dunia wanayo mas'ala mashuhuri yenye jina la Dido: ukiwa na kamba ya urefu fulani, umbo gani litazunguka eneo kubwa kuliko yote?

Wapeleke watoto katika kiwanja cha skuli na kamba ya mita 100. Ikifanywa mraba itazunguka mita za mraba 625. Ikifanywa duara itazunguka karibu mita za mraba 796. Na ikitandazwa nusu duara, ncha zake mbili zikigusa ukingo ulionyooka wa bahari, ambako kamba haihitajiki, itapata karibu mita za mraba 1,592. Mtoto wa kisiwani, ambaye bahari iko mlangoni pake, ataelewa hapo hapo kwa nini malkia mwenye akili huanzia pwani. Kisha rudi Kilwa. Chukulia kisiwa cha duara chenye kipenyo cha kilomita 4. Mzingo wake ni mita 12,566. Doti ya wafanyabiashara wa zamani ilikuwa yadi 4, yaani mikono 8, karibu mita 3.66. Kisiwa hicho kitahitaji doti zaidi ya 3,400. Je, majahazi saba yangeweza kuzibeba? Nani alizifuma? Bei yake ilikuwa nini? Kutoka katika swali moja la mzingo wa duara darasa limeingia katika biashara ya Bahari ya Hindi, na hapana mtoto aliyelala.

Nikirudi Ufipa nafika mahali ambapo moyo wangu umeganda, nako ni kwenye matanuri ya chuma. Wafipa walikuwa wafua chuma mashuhuri, na ngano zao zinahusisha Milansi yenyewe na kazi ya uhunzi. Matanuri yao, ambayo wanayaita malungu, yalijengwa kwa udongo wa kichuguu, yakapanda juu kiasi cha mita 3 au zaidi, yakiwa mapana chini na membamba juu. Kwenye kitako yalikuwa na matundu pande zote, na katika matundu hayo walipachika mabomba ya udongo. Ndani walipanga makaa na mawe yenye chuma, tabaka juu ya tabaka, wakawasha moto, ukawaka kwa siku kadhaa.

Jambo la ajabu ni kwamba hapakuwa na mtu wa kuvukuta. Fundi wa kawaida wa chuma, kuanzia pwani hadi Maziwa Makuu, humweka kijana kwenye mivukuto mchana kutwa. Lungu la Mfipa lilijivutia hewa lenyewe. Hewa ya moto ni nyepesi, hupanda. Ikipanda juu ya tanuri refu huacha nafasi chini, na hewa baridi ya nje huingia kwa nguvu katika matundu kuijaza. Tanuri likizidi urefu, mvuto nao huzidi. Somo hilo la bomba la moshi ni la sayansi ya madarasa ya kati, na huweza kufundishwa kwa picha ya kiwanda cha Ulaya. Kwa nini picha isiwe ya lungu?

Na kemia yake ni hii. Makaa yakiungua mahali penye hewa kidogo hutoa kaboni monoksaidi. Hewa hiyo huinyang'anya oksijeni iliyoshikamana na chuma ndani ya jiwe, chuma kikabaki peke yake. Lakini chuma hakiyeyuki mpaka joto lifike nyuzi 1,538 za sentigredi, na moto wa lungu haukufika huko. Ulifika kiasi cha kuyayusha uchafu tu, ule tunaouita mavi ya chuma. Kwa hiyo kilichotoka hakikuwa chuma cha majimaji, bali bonge lenye vitundu kama sifongo. Bonge hilo lilipelekwa katika tanuri la pili, dogo, ambalo hilo sasa lilivukutwa kwa mivukuto, kisha likafuliwa likawa jembe. Nani aliyewafundisha haya? Hapana. Waliyajua kwa kujaribu na kukosea, kizazi baada ya kizazi, na walipoyajua waliyatia katika ngano na miiko ili yasipotee.

Maana lungu halikuwa chombo tu. Tanuri jipya lilitendewa kama bibi harusi, likaandaliwa kwa dawa na nyimbo, na wafua chuma walishika miiko katika siku za kazi. Mwalimu wa sayansi aliyesomea mjini atacheka. Asicheke haraka. Fundi wa jahazi wa kwetu hakishushi chombo majini bila dua na sadaka, na bado hesabu zake za mbao na mkuku ni sahihi. Mwanafunzi afundishwe kuyatenganisha mawili: kipi kilichoyeyusha mavi ya chuma, na kipi kilichowafanya watu ishirini wafanye kazi usiku na mchana bila ugomvi. Vyote viwili vilihitajika. Kazi hii ilikufa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, majembe ya viwanda vya Ulaya yalipoenea. Kwa hiyo wamebaki wachache mno waliosimuliwa na wale walioiona kwa macho.

Kuna wazee wa dini watakaosema kwamba ngano za namna hii ni ushirikina, mtoto asifundishwe. Mimi nilipita chuoni kabla ya kuingia skuli, na maalim wetu alitusomesha habari za Firauni na za Namrudi pasipo hofu kwamba tutawaabudu. Alitufundisha pia kwamba Nabii Daudi alilainishiwa chuma, na kwamba Dhulkarnaini alijenga boma kwa chuma na shaba iliyoyeyushwa, akiwaamuru watu wavukute. Sisi watoto tulikuwa tukijiuliza chuma huvukutwa vipi, na hapana aliyetuonyesha, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amekiona. Kujua hadithi ya watu si kuingia katika dini yao. Mwalimu aseme wazi: hivi ndivyo walivyosimulia, haya ndiyo yanayoweza kuthibitishwa, na haya mengine kila mtu ana imani yake.

Ufipa inamrahisishia mwalimu kazi hiyo ya kutenganisha. Mto Kalambo, unaopita mpakani mwetu na Zambia na kuanguka maporomoko ya mita zaidi ya 200, uko wilaya moja na Msanzi. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza kwamba juu kidogo ya maporomoko hayo, upande wa Zambia, yamepatikana magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa moja juu ya jingine, yenye umri usiopungua miaka 476,000. Umri huo ni mkubwa kuliko umri wa jamii yetu ya wanadamu kama wataalamu wanavyoukadiria. Basi mwalimu anayo mezani mikononi mwake mianzo miwili: mtu aliyeshuka kutoka mbinguni Milansi, na kiumbe asiye na jina aliyeunganisha magogo Kalambo. Mmoja ni wa ngano, mwingine ni wa udongo. Mtoto akijifunza kuvisoma vyote viwili, kila kimoja kwa kanuni yake, huyo ameelimika.

Lakini lililo gumu zaidi si dini wala sayansi. Ni kwamba shujaa wa huku ni jabari wa kule. Katika miaka ya 1840 Wangoni wakiongozwa na Zwangendaba walifika Ufipa baada ya safari ndefu kutoka kusini. Walivuka mto Zambezi Novemba 1835, siku ambayo jua lilipatwa. Na kwa sababu hiyo wanahistoria waliipata tarehe kwa msaada wa hesabu za wanafalaki, mfano mzuri mno kwa mwalimu wa sayansi. Zwangendaba alikufa na kuzikwa Ufipa. Baada ya kifo chake watu wake walitawanyika, wengine kaskazini hadi karibu na Ziwa Viktoria, wengine Songea, wengine Malawi na Zambia. Mtoto wa Songea amelelewa akimhesabu kuwa baba wa taifa la mashujaa. Mtoto wa Mfipa amesimuliwa juu ya mifugo iliyochukuliwa na vijiji vilivyokimbiwa. Wote wawili ni raia wa Tanzania, na huenda wamekaa dawati moja, kwa kuwa baba wa mmoja ni mtumishi wa serikali aliyehamishiwa Rukwa. Mwalimu afanye nini?

Wako wanaosema anyamaze, kwa kuwa Chama kilifanya kazi kubwa ya kuuzika ukabila, na machifu waliondolewa kisheria mwaka 1963. Naiheshimu kazi hiyo. Mimi ni mtoto wake. Ila ukimya haujapata kuuzika ukabila. Unaufanya usimuliwe jikoni badala ya darasani, na jikoni hapana wa kuuliza swali la pili. Dawa ni kuziweka hadithi zote mezani. Na sisi wa visiwani tuanze na wetu. Mkama Ndume, aliyetawala Pujini huko Pemba karne tano hivi zilizopita, ngome yake iko hadi leo, na watu huisifu kama fahari ya kisiwa. Lakini hadithi hiyo hiyo inasema kwamba aliwalazimisha raia wake kubeba mawe ya ngome hiyo wakijikokota kwa makalio. Jina lake lenyewe ni la mtu akamuaye wanaume kama ng'ombe. Huyo ni shujaa au dhalimu? Mtoto wa Pemba aliyelijibu swali hilo kwa uaminifu atakuwa na adabu ya kumsikiliza Mfipa juu ya Zwangendaba.

Kwa wakuu wa elimu nina maneno machache. Elimu isiyo ya juu si jambo la Muungano. Bara wana taasisi yao ya kutunga mitaala na Zanzibar ina yake. Hilo ni la katiba na sina neno nalo. Lakini hapana katiba iliyokataza taasisi mbili kubadilishana hadithi kumi: tano za kutoka visiwani ziende Bara, tano za Bara ziletwe visiwani, kila moja ikiwa na maswali ya hesabu, ya sayansi, ya jiografia na ya lugha, katika kijitabu cha bei ya daftari. Na wakaguzi waelekezwe kwamba mwalimu wa hesabu anayekutwa kiwanjani na kamba, akisimulia habari za Dido, hajaliacha somo lake. Katika skuli za vijijini, ambako mwalimu mmoja hufundisha masomo matatu au manne, jambo hili ni jepesi kuliko mjini. Upungufu wa waalimu, ambao ni balaa, hapa umetuachia mlango.

Liko pia jambo la sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania Bara, ya mwaka 1964, huyahifadhi moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Yaliyojengwa baada ya hapo hayana ulinzi huo mpaka Waziri ayatangaze. Malungu ya Ufipa yaliendelea kujengwa muda mrefu baada ya mwaka huo. Kwa hiyo lungu ambalo babu wa mtu alilijenga na kuliwasha, lililosimama mpaka leo katikati ya shamba la mahindi, mwenye shamba anaweza kulivunja kesho ili apitishe plau, na hatakuwa amevunja sheria. Simlaumu, hapana aliyemwambia ni kitu gani. Halmashauri zinaweza kuomba malungu yatangazwe, lakini lazima kwanza yajulikane yako wapi na ni mangapi.

Hesabu hiyo inaweza kufanywa na wanafunzi. Darasa la sita la kila skuli ya Ufipa lipewe eneo la kata yake: wapime urefu wa kila lungu na upana wa kitako, wahesabu matundu, wachore, waandike jina la mwenye shamba na maneno ya mzee yeyote anayekumbuka chochote, kisha nakala moja ibaki skuli na nyingine ipelekwe wilayani. Mvua za Ufipa huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na udongo uliochomwa ukishapasuka maji huumaliza upesi. Miezi ya kazi ni kuanzia Juni hadi Oktoba, nyasi zikiwa zimekauka na malungu yakionekana kutoka mbali.